Kimo cha Kiti

Kwa wiki ya tatu sasa, Muhonja aliishiwa nguvu palepale, mbele kidogo ya raundabauti ya Donholm. Alitaka kuzoea kuendesha baiskeli kutoka mtaa wa Tena hadi kazini kiwandani Industrial Area, lakini kila asubuhi mapaja yaliwaka moto kabla hajafika nusu ya njia.

Fundi wa baiskeli kando ya barabara alimwona akishuka kwa kuruka, akacheka.

"Mathe, hii kiti ni ya twiga! Ndiyo maana unachoka."

"Ni ya bwanangu. Yuko Qatar."

"Anarudi lini?"

"Wewe ni fundi ama ni polisi?"

Fundi akachukua spana. Muhonja hakumwambia kwamba simu ya mwisho kutoka Qatar ilipigwa Pasaka ya mwaka juzi, wala kwamba kila Jumamosi aliipangusa baiskeli hiyo yote bila kukigusa kiti.

Bolti ililia, ikalegea. Pale bomba la kiti lilipoingia kwenye fremu, kutu ilikuwa imechora pete nyekundu. Fundi aliokota msumari, akaiweka ncha yake kwenye ile pete.

"Nipige alama hapa, mathe? Jamaa akirudi, tujue pa kukipandisha."

Lori lilipita, likafuatwa na jingine. Muhonja aliutazama msumari mpaka vumbi likatua.

"Usipige alama," alisema. "Shusha tu."