Kinu Mlangoni mwa Jiko

Tangu mkewe Tunu afariki, Mzee Chambuso hajafunga mlango wa jiko; ameuzuia kwa kinu. Nyumba za siku hizi ndivyo zilivyo: kila chumba kina kumbukumbu zake, hakimwambii mwenziwe, na mlango wake ukifungwa tu, kinasahau yote kiliyoambiwa; na jiko ndilo aliloliambia Tunu mambo yake. Sasa wakubwa wametangaza kila mlango ufungwe kesho, eti ukaguzi.

"Wao wake zao wako hai," alinung'unika. "Watajuaje?"

Jirani yake Bi Nasra, fundi wa nyumba, akacheka. "Shemeji nawe! Liambie jiko liandike yote linayokumbuka kwenye kadi, kisha kadi uipe chumba cha kulala kiisome; nacho kikifungwa kikasahau, utakipa tena. Na kinu unirudishie, ni changu kile."

Jiko likaandika. Kwa kuwa Chambuso kusoma kulimpita kando, chumba kilimsomea kwa sauti, naye akatega sikio kama mtu anayefungua sanduku la marehemu.

"Chai: tangawizi nyingi. Chumvi: mnyime hata akilia."

Akacheka peke yake.

"Akiuliza niko wapi: mwambie naja."

Hilo hakuwahi kuliuliza jikoni. Alirudisha kinu, akaufunga mlango wa jiko kwa mkono wake mwenyewe, akarudi chumbani.

"Tunu yuko wapi?"

"Anakuja," chumba kikajibu.

"Lini?"

Chambuso akautazama mlango wa mbele, asijue aufunge au auache wazi.