Chui Chumbani kwa Mama

Miaka hiyo, mnyama wa porini akishalala mahali mjini Morogoro, mahali hapo huwa pake mpaka aondoke mwenyewe. Anayehama ni binadamu.

Mwasiti alirudi kutoka sokoni akamkuta chui amejinyoosha chini ya kitanda cha mama yake, ambaye miguu yake ilikuwa imepooza. Akampigia simu afisa wa wanyama.

"Muhamishe mama," afisa alisema kwa upole. "Chui usimguse."

Mwasiti akasimama mlangoni. "Mama, tulia. Nakuja kukubeba."

"Unipeleke wapi?" mama alinong'ona. "Chumba hiki alinijengea baba yako. Sitoki."

Alimbembeleza mpaka sauti ikamkauka, kisha akamsogezea mama sahani ya wali kwa mpini wa ufagio.

Chui hakumdhuru mtu. Majirani walikuja kuchungulia dirishani, wakampa Mwasiti hongera, maana mwizi hawezi kuisogelea nyumba ya namna hiyo. Naye akazoea, kama watu wanavyozoea. Akawa ananunua nyama ya kutosha watatu.

Asubuhi moja mama akamzuia kwa sauti kabla hajaingia. "Leo ishia hapo hapo, mwanangu. Amezaa wawili."

"Na chai yako?"

"Iache hapo. Hatutaki mtu atukaribie."

Mwasiti akaweka kikombe sakafuni. Ndani, mama alianza kuwaimbia watoto wale, kwa sauti laini ambayo Mwasiti hakuwa ameisikia tangu utotoni. Akarudi kinyumenyume hadi chumbani kwake, akatia komeo.