Kishikio cha Pili

Sanduku lenye mifupa ya Waziri Mbelwa, mwasisi wa mji, lilikuwa na vishikio viwili. Kimoja alikishika Shehe Badawi, cha pili Mchungaji Zakayo, na hakuna aliyekubali kuachia. Kaburi jipya lilikuwa wazi mbele yao, lakini mchimbaji alikuwa bado anasubiri kuambiwa kama achimbe mwanandani, ule upenyo wa ubavuni wanamolazwa Waislamu, au aliache shimo lilivyo.

"Kila hotuba alimtaja Mungu," alisema Shehe.

"Ndiyo, Mungu wetu sisi," alijibu Mchungaji.

Nyuma yao watu walikuwa wameshagawanyika makundi mawili, na wengine walikuwa wameokota mawe.

"Si mumuulize mwanawe!" mtu alipaza sauti.

Bi Tunu, mtoto pekee wa marehemu, alijikongoja mpaka kaburini.

"Baba hakuwa wa huku wala wa huko," alisema. "Alituambia Mungu aliiumba dunia, akamaliza, akatuachia wenyewe. Hatumi mitume, wala hasikilizi dua zetu. Kwetu hakusali mtu."

Shehe akaachia kishikio, akajifuta kiganja kwenye kanzu. Mchungaji naye akaachia. Sanduku likaanguka vumbini, na mifupa ikasikika ikigongana ndani.

Bi Tunu alitupa mkongojo wake, akainama, akashika kishikio kimoja na kuinua upande wake. Akawatazama watu, akisubiri. Kishikio cha pili kilibaki vumbini, na mawe yalikuwa bado mikononi mwao.