Mwezi wa Kuotea

Tangu klabu za mpira zipewe mamlaka ya kutangaza mwezi wa Ramadhani, nyumba yetu hapa Tanga ina Idi mbili. Mume wangu ni wa Radi. Mimi na binti yetu Siwema tumeandikishwa Mwenge.

Jioni ile Radi walitangaza wa kwanza kwamba mwezi wa Idi umeandama, nikajua papo hapo kuwa Mwenge hawatauona. Goli la mpinzani siku zote ni la kuotea.

Mume wangu alinikuta jikoni nakaanga vitunguu vya pilau yake ya kesho. Mimi nisingeionja, Mwenge tungekuwa bado tunafunga, na bangili ya klabu mkononi inajua mtu akimeza.

"Pumzika, Mama Siwema. Mimi hata mkate utanitosha."

"Idi ni Idi, Baba Siwema. Hata ikiwa ya kwenu."

Nikatoka uani kupunga upepo, miguu inaniuma, Siwema nyuma yangu. Juu ya paa la jirani mwezi ulikuwa umekaa, mwembamba, hauna habari na klabu ya mtu.

Pengine ni uchovu tu ulionisemesha. "Ule pale, mwanangu," nikanong'ona. "Kesho ni Idi."

Siwema akainua uso, akautazama moja kwa moja.

"Sioni kitu, mama."

Nilimkagua usoni nikitafuta woga, au hata mzaha. Havikuwepo. Mtoto hakuwa akidanganya.

Akanishika mkono taratibu, kama mtu anayemwongoza mgonjwa.

"Twende ndani, mama. Kesho tunafunga."