Siwema Ametulia

Siwema aliitafuna kamba mpaka ikakatika, ya tatu mwezi huo, na safari hii walimkuta mbele ya bani, pale tumbaku ya kijiji ilipokuwa ikikaushwa, amenyoosha mkono achukue kaa la moto. Alikuwa na miaka minne.

Mama yake, Nyamizi, alimnyakua, akamchapa, kisha akaketi chini na kulia kuliko mtoto mwenyewe. Angefanyaje? Hata mwaka haujatimia tangu wahamishiwe hapo kutoka Nzega, na kila mtu mzima alitakiwa shamba la ujamaa tangu asubuhi. Mtoto asiyeweza kukaa mahali pamoja hata kidogo angebaki na nani? Chekechea walimrudisha siku ya pili tu. Ndiyo maana ikawa kamba: ncha moja kiunoni, ya pili kwenye nguzo ya jiko, na kidonda kisichopata nafasi ya kupona.

Daktari mmoja mjini Tabora aliwapa chupa ya dawa ya kumpunguza kasi. Nyamizi akampa kijiko kimoja. Siwema alishinda amelala, mate yanamtoka. Chupa ikamwagwa siku hiyohiyo.

"Sikumzaa aje alale mchana kutwa," alimwambia Bernadeta, mwalimu wa chekechea.

Bernadeta alikuwa msichana wa mjini, wa Ipuli, na cheti chake kilikuwa kidogo. Lakini watoto aliwajua. "Mama Siwema, huyu hana pepo, wala hakusudii kukuudhi. Mwili wake una haraka tu. Mchoshe kwanza asubuhi. Halafu mpe kazi moja. Akiimaliza, msifu. Ukimpa mbili umeshampoteza. Akiweza kukaa, nitampokea mwenyewe."

Nyamizi aliitia kamba motoni. Tangu siku hiyo, kila kulipokucha, mama na mtoto walishika njia ya msituni kutafuta kuni. Walikwenda mbio, wakarudi wakitembea. Msitu mkubwa namna ile kwao Nzega hawakuwa nao, na Siwema aliupenda. Kazi yake ilikuwa moja: kusimama nyuma ya mama yake na kumpungia tawi, kumfukuzia nzi wa msituni waliomuuma mgongoni alipoinama.

Wiki ya kwanza tawi lilitupwa kila mara, mtoto akatoweka vichakani. Wiki ya tatu alisimama mpaka mzigo ukafungwa.

"Ahsante, mwanangu. Umenilinda vizuri."

Siwema alicheka kwa meno yote. Nyamizi alijiona ana furaha, furaha isiyo na woga ndani yake, na hakukumbuka lini aliwahi kuwa nayo kwa mtoto huyu.

Majirani waliwatania. "Mama Siwema, unamfundisha mwanao ujeshi?" Baadaye kidogo wakaacha kutania.

Maana Siwema alibadilika kweli. Alipata homa ya siku chache, ikaondoka yenyewe, na alipoinuka hakuwa yule tena. Hakukimbia ovyo. Akiitwa, aligeuka taratibu, kama mtu mzima mwenye heshima zake. Chekechea alikaa mkekani tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho, kichwa amekilaza gotini kwa mwalimu. Sahani yake aliwaachia wenzake bila ugomvi. Usiku aliamka na kuzungumza peke yake, lakini mama aliyekwisha kuona kaa la moto atalalamikia hilo?

Wanawake wakaanza kubisha hodi. "Tufundishe na sisi." Hata mwenyekiti wa kijiji alimsimamisha Nyamizi mkutanoni aeleze, naye akaeleza kwa fahari. Kijiji kikakubaliana: kabla ya masomo, Bernadeta awapeleke watoto wote wa chekechea msituni, kila mmoja na tawi lake.

Mwezi uliofuata Nyamizi alipanda treni ya Tabora. Hakuitwa na mtu. Alitaka yule daktari amwone Siwema, basi. Alivaa khanga mpya, ambayo haijafuliwa hata mara moja. Mtoto alilala mapajani njia nzima, na abiria walisema hawajaona mtoto mpole namna ile.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba."

"Unamkumbuka huyu? Ndiye aliyepanda juu ya meza yako. Mwone sasa. Na dawa yako niliimwaga, unisamehe."

Daktari alicheka, akamwita mtoto kwa jina. Siwema aligeuka taratibu.

Daktari akaacha kucheka. Alipitisha vidole nyuma ya shingo ya mtoto, penye vivimbe, upande huu, kisha upande ule, akarudia. Akauliza wanakaa wapi, na asubuhi hufanya nini. Nyamizi alimweleza yote bila kuficha: mbio, kuni, tawi, nzi. Alieleza akitabasamu.

"Mama," daktari alisema, "mtoto hajatulia. Hao nzi wamemwambukiza malale." Alivuta karatasi. "Nani mwingine anapita msitu huo?"

Nyamizi alitazama dirishani. Jua lilikuwa limeshapanda, na saa hizo Bernadeta alikuwa akiwarudisha darasani watoto thelathini na mmoja, wamechoka vizuri.