Moyo, Jirani

"Bwana yangu alishaenda ku gare na benzake," Agnès aliwaambia vijana waliokuwa wakiwafukuza Wakasai, wahamiaji kutoka Kasai, mtaani Musonoi na kuwapeleka stesheni ya treni. Mgongo wake uliuziba mlango.

Uongo. Mume wake Mkasai alikuwa ndani, chini ya kitanda. Kabemba, jirani yao aliyesimama kando ya vijana, aliziona ndala zake nyuma ya miguu ya Agnès, moja imefungwa kwa utepe wa kitenge cha njano. Kitenge hicho Kabemba ndiye aliyemnunulia Agnès, kabla hajaolewa. Leo kilikuwa kamba ya ndala za mwanamume mwingine!

Kiongozi wa vijana akamgeukia Kabemba. "Tata, weye ni mutu wa huku. Mulamukie na luga yao. Kama eko ndani, ataitika."

Angeitika salamu, bila shaka. Kila asubuhi Kabemba alimsalimia "Moyo", salamu ya Wakasai, juu ya ua, naye akaitika "Eyo!" kwa furaha. Sauti ya Kabemba aliiamini.

Jumapili, kwenye maombi, mume huyo wa Agnès alisema, "Kesho, Mungu hajaiandika. Anatungojea tuchague." Agnès alimsikiliza kama mwenye kiu anayekunywa maji, na Kabemba akaona wivu. Sasa alitamani Mungu awe ameshaandika yote, ili dhambi isiwe yake.

Agnès alikuwa akimtazama. Yeye peke yake, kama alivyongoja kutazamwa miaka yote.

Midomo ya Kabemba ikakutana kutamka m. "Moyo" huanza hivyo. "Mama amesema kweli", nayo huanza hivyo.