Picha za Ukuta

Bomba lilipasuka ndani ya ukuta wa bafu, na hakuna aliyejua linapita wapi. Koki kuu ilikuwa imeshafungwa, lakini zulia la sebuleni lilikuwa limelowa chapachapa, na mama mwenye nyumba alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Usiwe na wasiwasi, mama," fundi alimwambia. Kila ukuta aliupiga picha kabla ya kuuziba. Kamera aliinunua kwa kazi hiyo tu.

Akabonyeza kitufe kwa kidole gumba kilichogandwa na saruji. Shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyeazima kamera juzi, ameegemea gari la watu. Akabonyeza tena. Shemeji na miwani nyeusi. Akabonyeza kwa nguvu. Shemeji anakumbatia keki ya harusi ambayo si yake.

Picha ya bomba, hakuna hata moja.

Alimpigia simu palepale.

"Kadi ilijaa, shemeji," jamaa alicheka. "Nikafuta yale mapicha ya kuta. Nilidhani kamera imejipiga yenyewe mfukoni!"

"Umenitoboa macho, mjinga wewe!"

"Makubwa! Kwa picha ambazo hata wewe mwenyewe humo?"

Fundi alikata simu, akashika nyundo.

"Unaanzia wapi?" mama aliuliza.

"Sijui, mama."

Vigae ishirini na kimoja vilivunjika kabla bomba halijaonekana, vyote alivipanga mwenyewe wiki iliyopita. Kuvirudishia, mama aliita fundi mwingine.